Nani Atamlipia Nauli Tabibu wa Mcheza Kamari?

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu Waislamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe jambo lililoletwa mbele ya darasa yetu kwa njia ya swali. Tumeona si haki jawabu lake libakie baina ya watu wachache waliohudhuria usiku ule, kwani jambo lenyewe limo katika nyumba zetu nyingi, na zilizosalimika leo haziijui kesho.

Swali lenyewe ni hili. Binti wa Kiislamu, muuguzi kwa kazi yake, ameona tangazo la mkutano wa wataalamu katika nchi za ng'ambo, unaowakusanya matabibu, washauri nasaha na wanavyuoni wanaochunguza maradhi ya watu walioshindwa kuiacha kamari. Katika tangazo mna ufadhili: asiyeweza kujilipia na aandike maombi, na akikubaliwa atalipiwa nauli, malazi na ada ya kuingia. Auliza, je, yafaa aombe? Na ikiwa fedha hizo, zote au baadhi yake, zimetoka katika mifuko ya wenye kampuni za kamari, je, ni halali kwake kusafiri kwazo?

Walikuwako waliolicheka swali. Wakasema: kamari ni haramu, na dawa ya haramu ni kuiacha; mtu apande ndege kwenda kujifunza nini ambacho mwalimu wa chuoni hakumwambia akiwa na miaka saba? Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, na wenye kuyasema ni watu wema. Lakini twaomba tuwaulize: kijana anayeuza pikipiki ya mjomba wake ili arudishe alicholiwa, je, hajui kuwa ni haramu? Ajua. Aghlabu ajua kuliko sisi, kwani sisi twaijua haramu hiyo kwa kuisoma, naye aijua kwa kuililia usiku. Kujua kwake hakukumzuia, na hapo ndipo elimu nyengine inapohitajika.

Zamani mcheza kamari alikuwa na mahali pake. Alikwenda kujificha na karata zake nyuma ya nyumba au chini ya mwembe, na kule kujificha kulikuwa na faida, maana kulibakisha haya. Leo kamari imeingia mfukoni. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Kampuni za kubashiri mpira zikafuata nyuma yake, na SportPesa, iliyokuja kuwa mashuhuri mno, ikaanza mwaka 2014. Tangu hapo kijana wa boda boda aliyeketi kivukoni Likoni akingoja abiria aweza kuweka shilingi zake juu ya mechi ya Uingereza kabla feri haijafika upande wa pili. Mpakuzi wa makontena wa Changamwe aweza kuucheza ujira wake kabla hajavua buti. Na wasiopenda mpira wamepewa kale kamchezo ka kindege kinachopaa katika simu, mtu akitazama na kungoja, na kikitoweka kimetoweka na chake. Mwaka 2017 shirika la GeoPoll liliwauliza vijana wa nchi kadha za Afrika kwa njia ya simu, na katika Kenya vijana 76 katika kila 100 waliojibu walisema wamepata kucheza kamari au kubeti, idadi iliyozishinda nchi nyengine zote zilizoulizwa. Hata lugha yetu haikusalimika. Ile orodha ya mechi alizobashiri mtu wameiita mkeka, na akishindwa husema mkeka wake umechanika. Mkeka, jina la kitu tulichokalia tukasomea Kurani!

Sasa tuwatazame hao wataalamu na mkutano wao. Elimu hii ni changa. Mwaka 1957, mjini Los Angeles, watu waliokuwa wameshindwa na kamari walianza kukutana na kusaidiana kuiacha, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe. Mwaka 1972 likaundwa katika Marekani baraza la taifa la kushughulikia tatizo la kamari, ambalo hufanya mkutano mkuu kila mwaka. Mwaka 1980 chama cha matabibu wa akili cha nchi hiyo kikaitia kamari iliyopindukia katika kitabu chake cha maradhi, na mwaka 2013 kikaihamisha na kuiweka katika mlango mmoja na ulevi wa pombe na madawa ya kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, limeiandika miongoni mwa maradhi ya uraibu. Msomaji wa Kurani atakumbuka kwamba pombe na kamari zimetajwa pamoja katika aya ya 219 ya Surat al-Baqara, kisha pamoja tena katika aya ya 90 ya Surat al-Maida. Karne kumi na nne zimepita tangu wakati huo. Lakini tusiharakishe kujisifu, kwani aya tulikuwa nayo sisi, na zahanati wakazijenga wao.

Na mambo yanayosomeshwa katika mikutano hiyo si ya kubezwa. Tuchukue moja tu. Mama apata habari kwamba mwanawe adaiwa shilingi 80,000 alizozicheza. Auza kidani chake, akopa katika chama cha akina mama, alipa deni lote siku moja, na siku hiyo alala usingizi akidhani amefunga mlango. Wenye ujuzi wa maradhi haya wasema kwamba kumlipia mgonjwa deni lote kwa mara moja, bila ya mpango wowote, mara nyingi humrudisha mchezoni, kwani deni ndilo lililokuwa likimkaba koo, na likiondoka hupata pumzi mpya ya kuchezea. Wao hushauri mshahara wake upitie kwa mtu anayeaminiwa, laini ya simu na mikopo yake iwekewe kizuizi, yeye mwenyewe aombe afungiwe akaunti zake katika kampuni za kamari, na deni alilipe kidogo kidogo kwa mkono wake mwenyewe huku akihudhuria kwa mshauri. Mama yule hakukosa huruma. Alikosa mtu wa kumwambia haya kabla hajakiuza kidani.

Kisha itazameni fikihi yetu wenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani hii, mdaiwa ni mmoja wa wanaostahiki zaka. Lakini aliyekopa kwa ajili ya maasia hapewi ila akitubu. Maimamu wetu waliuona mlango huo zamani na wakaweka komeo. Ila twauliza, katika kamati zetu za zaka ni nani ajuaye kuipima toba ya mcheza kamari? Mtu huyu huapa na kulia, na kilio chake ni cha kweli, na wiki ya pili amerudi. Uongo ni sehemu ya maradhi yenyewe. Tangu mwaka 1997 matabibu wamekuwa na maswali mawili mafupi ya kumtambulia mgonjwa: la kwanza lauliza kama amepata kuhisi haja ya kuongeza na kuongeza fedha anazocheza, la pili kama imempasa kuwadanganya walio karibu naye juu ya kiasi anachocheza. Maswali mawili tu, na imamu yeyote aweza kuyauliza faraghani baada ya sala, akiwa amefundishwa namna ya kuyauliza na la kufanya baada ya jawabu.

Liko na zito kuliko deni. Mcheza kamari aliyefilisika na kufedheheka yumo katika hatari kubwa ya kujiua kuliko watu wengine, na mshauri aliyefunzwa hujua kumwuliza jambo hilo waziwazi, bila ya kuogopa kwamba kumwuliza kutamtia fikira ambayo hakuwa nayo. Sisi humwambia kwamba kujiua ni dhambi, nasi tumesema kweli, kisha tukamwacha aende nyumbani peke yake.

Wala si mara ya kwanza kwa pwani kufika mahali hapa. Heroini ilipoingia Mombasa katika miaka ya 1980, tulifanya nini? Tuliwaita mateja, tukawafukuza barazani, tukawatenga na jamaa zao, na wengine tukawazika. Ilipita miaka mingi kabla hatujakubali kwamba teja ni mgonjwa. Waislamu wa MEWA na wengineo wakaanza kuwashughulikia, na hii leo Kisauni kuna zahanati ambapo mtu hunywa dozi yake ya methadoni asubuhi chini ya macho ya muuguzi, kisha akaenda kazini. Wauguzi hao hawakuzaliwa na elimu hiyo. Walipelekwa wakasoma. Yule anayesema kwamba dawa ya haramu ni kuiacha tu, na apite pale asubuhi moja akatazame foleni.

Na kabla ya zahanati zote hizo tulikuwa na mwendo wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alikuwako mtu akiletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi, na kila mara akiadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume akamkataza kumlaani, akimshuhudilia mlevi yule kwamba ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa, lakini laana ilikatazwa. Ni wangapi katika sisi wawezao kukaa baina ya mambo hayo mawili?

Basi elimu hii yatafutwa, na muuguzi wetu amefanya vyema kuitamani. Imebakia fedha.

Waarabu wa Jahilia walikuwa na kamari yao iitwayo maysir, na neno hilo ndilo lililotajwa katika Kurani. Wafasiri, na miongoni mwao Zamakhshari, wameeleza namna ilivyochezwa. Walikuwa na mishale kumi, saba katika hiyo ina mafungu na mitatu haina kitu. Ngamia huchinjwa na nyama yake ikagawanywa, mishale ikatiwa katika mfuko na kutolewa mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Ambao mshale wao una fungu huchukua nyama. Ambao mshale wao ni mtupu hulipa bei ya ngamia. Na waliopata nyama hawakuila! Waliwapa mafukara, wakajifakharisha kwa hilo, na mtu aliyekataa kuingia katika mchezo wakimtukana kwa ubahili. Zingatieni, ndugu zangu. Kamari iliyoharimishwa ilikuwa kamari yenye kulisha maskini, tena huenda ni katika msimu wa dhiki, wakati nyama ilipohitajiwa mno. Na Mwenyezi Mungu hakuyakana manufaa yake. Katika aya ile ya al-Baqara ametaja kwamba yamo manufaa kwa watu, ila akahukumu kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika al-Maida akatueleza ubaya wake ulipo: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na dhikri na sala.

Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba mambo yamebadilika kwa kuwa kampuni za kamari hutoa sadaka. Hilo ni la kale kuliko hijra. Kampuni ya SportPesa ilivifadhili vilabu vyetu, Gor Mahia na AFC Leopards, na ikaandika jina lake kifuani mwa wachezaji wa Everton ya Uingereza mwaka 2017. Serikali ilipopandisha kodi ya kamari hata asilimia 35, kampuni ikauondoa ufadhili wake kwa michezo ya hapa nchini mwanzoni mwa mwaka 2018, na vilabu vikabaki vikitafuta nauli. Twayataja haya kwa kuwa yaonyesha tabia ya fedha za namna hiyo: zina masharti hata zisipoandikiwa masharti, na mwenye kuzitoa hujua siku atakayozitaja.

Na katika mikutano ya wataalamu hali ni namna gani? Wenyewe wakhitilafiana, na mzozo wao haujesha. Lile baraza la Marekani lasema waziwazi kwamba halipingi wala haliungi mkono kamari iliyohalalishwa, na wenye biashara hiyo huwa wanachama wake. Mwaka 2021 chama cha mpira wa Kimarekani, NFL, kililiahidi dola milioni 6.2 kwa miaka mitatu, katika mwaka ule ule ambao NFL ilifanya mapatano na kampuni za kubeti. Katika Uingereza kampuni za kamari zilikuwa zikichangia kwa hiari yao gharama za tiba na uchunguzi. Mwaka 2022 hospitali za taifa za nchi hiyo zikakataa kuendelea kupokea fedha hizo, na tangu Aprili 2025 mchango umekuwa wa lazima, wakusanywa kwa sheria na kugawanywa na serikali, ili mtoaji asiwe na ulimi juu ya mpokeaji. Na mwaka 2024 wanavyuoni waliokusanywa na jarida la Lancet, walipokadiria kwamba watu wazima kiasi cha milioni 80 duniani wamedhuriwa na kamari kwa kiwango cha maradhi au karibu yake, waliandika pia kwamba uchunguzi na tiba yapasa viepushwe na mkono wa wenye biashara hiyo. Watu hawa si Waislamu, wala hawakuongozwa na kitabu chetu katika jambo hili. Wamefika hapo kwa kuona.

Ama maulamaa wetu, juu ya mali iliyochumwa kwa haramu wamesema mengi, nasi tutayataja kwa ufupi. Wako wanaosema kwamba dhambi ni ya mchumaji, na aliyeipokea kwa njia ya halali hana lawama, hoja yao ni kwamba Mtume (S.A.W.) alifanya muamala na Mayahudi wa Madina ilhali Kurani imewataja kwa kula riba, na yapokewa kutoka kwa Ibn Masud maneno yenye maana hiyo. Imamu Ghazali, katika mlango wa halali na haramu wa kitabu chake Ihya, ameeleza kwamba mali ya haramu ambayo wenyewe hawajulikani yafaa kutolewa kwa mafukara na maslaha ya Waislamu wote, kuliko kutupwa baharini. Na ni nani asiyejulikana kuliko wale maelfu walioliwa shilingi ishirini ishirini? Kwa kauli hizi mtu aweza kusema kwamba nauli ya muuguzi ni mlango bora wa kuitolea mali hiyo kuliko mingine mingi. Hatumkatazi anayeifuata kauli hii kwa elimu.

Lakini sisi katika darasa hatukuridhika nayo kwa jambo hili, na sababu yetu si ya usafi wa shilingi peke yake. Muuguzi huyu hataki fedha ili ale. Ataka aende akajue, kisha arudi awe shahidi: asimame mbele ya wazazi, mbele ya baraza la kaunti, mbele ya wabunge pindi sheria zinapoandikwa, aseme kamari yafanya nini kwa watu wa ng'ambo hizi tatu. Shahidi halishwi na mdaiwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume alimtuma mtu kwenda kukusanya zaka, na aliporudi akasema, hizi ni zenu, na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume akakasirika, akasimama juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi zingemfuata. Kipimo hiki chamtosha muuguzi wetu. Na ajiulize: lau ningalikuwa muuguzi wa vidonda, nisiyesema neno juu ya kamari, kampuni hii ingalinipa tiketi? Ikiwa jawabu ni la, basi kinachonunuliwa si safari yake bali ulimi wake.

Kwa hivyo jawabu letu kwake ni kwamba, ikiwa mfadhili ni chuo kikuu, au serikali, au chama cha matabibu kinacholipa kutoka katika michango ya wanachama wake, na aombe leo wala asione haya, kwani elimu ni kitu chetu popote tukionapo. Ikiwa mfadhili ni kampuni ya kamari, au mfuko uliopewa jina zuri na kujazwa na kampuni hiyo, asiombe, hata kama mwenziwe amepata fatwa ya kumruhusu. Na ikiwa fedha zimechanganyika, na aandike barua kabla ya kuandika maombi, awaulize wenye mkutano fedha za wafadhiliwa zatoka wapi. Wataalamu wa kweli hawatachukia kuulizwa; wao wenyewe kila siku waulizana.

Kumkataza mtu kisha tukamwacha na kiu yake ni rahisi, na twakhofu kwamba ndiyo desturi yetu. Tukimwambia fedha za fulani usizipokee, imetulazimu tumwonyeshe za nani azipokee. Wazee wetu walilijua hili. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuchoka kuwahimiza Waislamu wasijitenge na elimu za zama zao, na wakati huo pia walikuwako waliocheka. Mwaka 1951 MIOME ikafunguliwa kuwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi, kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati huo. Majengo yake ndiyo yaliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Sisi hatuna sultani. Lakini hebu tufanye hesabu. Wakipatikana katika misikiti yote ya Likoni, Kisauni na Changamwe watu 1,000 tu, na kila mmoja akatoa shilingi 20 kila Ijumaa, ambazo ni kiasi cha mkeka mmoja mdogo, kwa Ijumaa 52 zitapatikana shilingi 1,040,000. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu akimwambia mwenziwe njoo tucheze kamari, hata kama hawakucheza, basi na atoe sadaka. Tukimwambia kijana aliyetubu azitoe katika sanduku hili zile shilingi alizozoea kuzipeleka kule, tumemfundisha jambo lenye asili.

Anayepelekwa asichaguliwe kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Achaguliwe aliye kazini tayari, katika zahanati au shule au kituo cha kutibu mateja, ambaye wagonjwa wenyewe humwendea. Aandike kwa mkono wake kwamba akirudi atakaa miaka miwili akihudumu upande huu wa maji, siku moja kwa wiki Likoni, siku moja Kisauni, siku moja Changamwe, na kwamba atawafundisha maimamu yale maswali mawili na mengineyo. Mikutano mingine siku hizi huonyeshwa pia kwa intaneti, na ada yake ni ndogo. Huenda kwa nauli ya mtu mmoja wakahudhuria kumi kutoka katika chumba kimoja cha madrasa, na hilo lisidharauliwe. Ama safari ya mwanamke, wako maulamaa walioshurutisha maharimu na wako walioruhusu palipo amani ya njia na wenziwe wanawake waaminifu. Tutaliandikia peke yake, inshallah. Twaomba tu lisigeuzwe kuwa kisingizio na watu ambao hata mwanamume hawajapata kumlipia.

Tumekwisha kuzungumza na baadhi ya maimamu. Majina ya wauguzi, walimu na washauri nasaha, wanawake kwa wanaume, yatapokewa katika misikiti mitatu, mmoja wa kila upande, hata mwisho wa mwezi wa Rajab. Sanduku litafunguliwa mbele ya watu kila baada ya sala ya Ijumaa, na hesabu yake, pamoja na jina la aliyepelekwa na mfadhili wa mkutano alioendea, itabandikwa mlangoni, mahali wanapovulia viatu.